MJADALA: Barabara za zamani za magogo Usambara zifungiwe bodaboda na magari, zibaki za baiskeli?

Jicho la Mlima (mwanzisha mada)

Wakuu, swali hili huzuka kila wanapokutana watu wa baiskeli za safari na watu wa utalii wa Lushoto, halafu linazimika bila jibu. Naliweka hapa lijadiliwe kwa namba, si kwa ushabiki.

Usambara Magharibi kuna barabara za zamani za kuteremshia magogo. Nyingine zimo ndani au pembezoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, msitu wa zaidi ya hekta 9,000 ulio chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Uvunaji wa miti ya asili ulipokoma, malori yaliondoka na barabara zikaachiwa majani. Leo baadhi ni vijia vya miguu, baadhi zinapitwa na pikipiki. Wakati huohuo, anayetoka Mombo na baiskeli yenye mifuko kwenda Lushoto, Lukozi, Sunga hadi Mtae hana pa kupita isipokuwa njia ileile ya mabasi na Fuso za mboga. Kona hazionyeshi kinachokuja, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo.

Hoja yangu: vipande vya msituni vifungwe rasmi kwa vyombo vyote vya moto, viunganishwe na kukarabatiwa, tupate njia moja ya mlimani ya baiskeli na miguu. Italia na Hispania wamefanya hivyo kwa reli zao zilizokufa. Hispania wana mpango wa Vías Verdes tangu 1993, na kipande kimoja tu cha Andalusia, kati ya Puerto Serrano na Olvera, kina kilomita 36, mahandaki 30 na madaraja makubwa 4, bila gari. Anayepinga aseme kwa nini kwetu isiwezekane.

Fundi Spoki

Mkuu, sipingi, ila umeanza na mfano utakaotupoteza. Reli na barabara ya magogo havifanani kwenye mwinuko. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza haraka, ndiyo maana wajenzi wa reli walikuwa radhi kuuzunguka mlima mzima ili kupanda kusizidi mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Barabara ya magogo ilichongwa kwa ajili ya lori linaloshuka limeshiba na kupanda likiwa tupu. Aliyeichonga hakukosa usingizi kwa kipande cha asilimia 12.

Tupige hesabu. Mtu kilo 70, baiskeli 15, mzigo 20, jumla 105. Kwenye mwinuko wa asilimia 2.5, juu ya changarawe iliyoshindiliwa, kwenda kilomita 12 kwa saa kunadai wati 140 hivi. Mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kukaa hapo saa kadhaa. Mpeleke mtu huyohuyo, kwa wati zilezile, kwenye asilimia 10: mwendo unaanguka hadi kilomita 4 na kidogo kwa saa. Hapo anayetembea anampita, na baiskeli yenye mzigo inaanza kuyumba. Ikifika asilimia 12 na udongo una unyevu, gurudumu la nyuma linazunguka bila kushika. Unashuka na kusukuma kilo 35.

Gia nayo ina neno. Baiskeli nyingi zinazouzwa kwetu kwa jina la "za milimani" zina meno 24 mbele na 28 nyuma kwenye gia nyepesi kuliko zote. Kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 1.9. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 7 kwa saa, yaani baiskeli inakulazimisha kwenda haraka kuliko nguvu ulizonazo. Dawa ni kubadili gia za nyuma uweke zenye meno 34 au 36. Ukifanya hivyo, badili pia mkono wa gia wa nyuma (unaosogeza mnyororo) uweke mrefu, na ongeza pingili za mnyororo. Wengi husahau hapo. Mnyororo mfupi ukiingia gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja unang'oa mkono wa gia, na Sunga huupati dukani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ifungwe au isifungwe", uliza kwanza: ni kilomita ngapi za barabara hizo zina mwinuko chini ya asilimia 6? Hizo ndizo njia ya baiskeli ya safari. Nyingine ni za wapenda kuruka mawe, na hao hawabebi mahema.

Bi Kabichi

Ndugu zangu, mnapima mlima, nani anapima watu? Mnaposema "vyombo vyote vya moto" mnamaanisha bodaboda, kwa sababu gari halipiti huko siku nyingi. Na bodaboda ndiyo inayomtoa mjamzito kitongojini saa nane usiku. Ndiyo inayoteremsha karoti na kabichi hadi barabarani kabla Fuso halijaondoka. Mboga za majani zikichelewa juani kwa muda wa saa tano au sita, bei inakatwa na dalali hasikilizi maelezo. Gunia la viazi la kilo 100 kwa kichwa ni safari mbili au tatu za mtu mzima, na kuna nyumba hazina mtu mzima wa kazi hiyo.

Sikatai wageni. Nauliza tu: ukifunga kilomita 8 za msituni na mzunguko wa barabara kuu ni kilomita 20, nani analipa mafuta ya kilomita 12 za ziada? Atalipa mkulima, maana bodaboda ataongeza nauli siku hiyohiyo.

Mpita Handaki

Nachangia kutoka Udine, kaskazini-mashariki mwa Italia, ambako njia ya baiskeli ya Alpe Adria hupita. Jicho la Mlima, ni kweli tunayo njia ya kujivunia, ila ukijua kwa nini haina magari utaona Bi Kabichi ana hoja nzito kuliko alivyoieleza.

Alpe Adria huanza Salzburg, Austria, na kuishia Grado kwenye bahari ya Adria, kilomita zaidi ya 400. Kipande kinachopigwa picha sana ni kuanzia Tarvisio kushuka Pontebba na Chiusaforte, juu ya tuta la reli ya zamani: madaraja ya chuma, mahandaki yenye taa, stesheni iliyogeuzwa mgahawa. Sasa hesabu kilichomo katika bonde hilo jembamba. Kuna barabara kuu ya kulipia, A23. Kuna barabara ya taifa namba 13. Kuna reli mpya ya njia mbili, sehemu kubwa ikiwa ndani ya mlima. Ndipo reli ya zamani ikabaki haina kazi. Kulikuwa hakuna wa kunyang'anywa. Baiskeli ilipewa njia ya nne.

Kaangalie na ile ya milima ya Dolomiti, kutoka Dobbiaco kupitia Cortina hadi Calalzo, kilomita kama 65. Ilikuwa reli ndogo ya upana wa milimita 950, ikafanya kazi 1921 hadi 1964. Iliuawa na barabara iliyokuwa pembeni yake, na barabara hiyo ipo mpaka leo inabeba kila kitu. Baiskeli wakarithi. (Majira ya baridi upande wa kaskazini wa Cortina hutandazwa theluji na kuwa njia ya skii, kwa hiyo hata baiskeli nazo hufungiwa. Hakuna anayelalamika.)

Ndiyo maana mimi naligeuza swali. Usiulize barabara ipi ni nzuri kwa baiskeli, uliza ni ipi ambayo wenye vyombo vya moto wana nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Ukiipata, imeshajifunga yenyewe nusu. Usipoipata, kizuizi chochote utakachoweka kitang'olewa ndani ya wiki mbili, na aliyeking'oa atakuwa na haki.

Jicho la Mlima

Mpita Handaki, nimekuelewa, lakini unazungumzia mabonde yenye reli na barabara kuu. Mimi nazungumzia msitu wa serikali. Marekani kuna njia ya baiskeli iitwayo Route of the Hiawatha, mpakani mwa Idaho na Montana: maili 15, yaani kilomita 24, mahandaki 10, madaraja marefu 7, na handaki moja la karibu kilomita 2.7 ambalo taa ni lazima. Iko ndani ya ardhi ya misitu ya umma, inaendeshwa kwa kibali na kampuni ya kituo cha skii kilicho jirani, mgeni analipa kiingilio, na basi linawarudisha juu waliokwisha teremka. Hapo hakuna njia nne. Kuna msitu na uamuzi.

Mpita Handaki

Na kuna barabara kuu ya I-90 inayovuka mlima huohuo, mkuu. Tena hakuna shamba la kabichi juu ya njia ile.

Hiawatha ina funzo jingine ambalo ungelichukua hilo ningekuunga mkono: wanauza mteremko. Mwinuko hauzidi asilimia 2, basi linapandisha baiskeli, familia nzima inashuka. Hata Alpe Adria yenyewe haivuki milima ya Tauern kwa pedali. Kati ya Böckstein na Mallnitz baiskeli inapakiwa kwenye treni, inapita handaki la zaidi ya kilomita 8, inashushwa upande wa pili. Hakuna anayesema njia imekatika.

Fundi Spoki

Hapo umenigusa. Kwetu "treni ya Tauern" ni basi la Mombo–Lushoto. Kilomita zaidi ya 30, kupanda mita zipatazo 1,000, wastani wa asilimia 3. Kwa mwinuko peke yake ile lami ni kama reli, hata mtoto wa sekondari anaipanda. Kinachoua pale ni magari. Kwa hiyo pakia.

Jinsi ya kupakia bila kulia: toa mifuko yote, ingia nayo ndani. Legeza usukani uulaze sambamba na fremu. Toa pedali, na kumbuka ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kuelekea saa inakokwenda, kinyume cha ya kulia. Wengi huivunja hapo. Ilaze baiskeli juu ya keria ya basi, upande wa mnyororo ukitazama juu, na weka gunia au kanga nzee chini yake. Funga kwa mipira kwenye fremu sehemu tatu, usifunge kwenye spoki wala rimu, kwa sababu tenga la kuku likiegemea hapo rimu inapinda. Kupunguza upepo wa tairi? Hapana, hiyo ni ya ndege.

Mti Mkavu

Kwa nini mnahangaika na Magamba wakati Tanga tunayo reli yetu iliyokufa? Reli ndogo ya Sigi, enzi ya Wajerumani, upana wa sentimita 75, kutoka Tengeni jirani na Muheza hadi Sigi chini ya Amani. Nyumba ya stesheni ya Sigi ipo, ni kituo cha wageni cha Hifadhi ya Amani.

Mpita Handaki

Historia tamu. Ila ukiondoka Muheza kwenda Sigi barabara inayotumika ndiyo ya watu wa Amani wote, na malori ya chai yanateremkia huko. Tumerudi palepale: njia moja, kila mtu juu yake.

Kivu227

Karibuni Rwanda muone jambo hilo likitokea lenyewe. Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, kandokando ya ziwa Kivu kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, lakini njia haikai kwenye maji: inapanda kilima, inashuka ghuba, inapanda tena. Mgeni akisoma ramani anadhani ni tambarare ya pwani, jioni magoti yanamwambia ukweli.

Sikuona popote njia ile ikifungwa kwa sheria. Kilichotokea ni kwamba serikali ilijenga lami sehemu za juu, mabasi na malori yakahamia kwenye lami kwa hiari, kwa sababu dereva hapendi vumbi. Zile barabara za udongo zilizobaki chini, za mashamba ya kahawa, zikawa kimya. Ila kuna gharama mbili. Baadhi ya vipande vya njia ya zamani vililiwa na lami hiyohiyo. Na motari (bodaboda wa huko) hawakuhama wote, maana vijiji viko chini, ziwani. Unawakuta wawili watatu kwa saa, wanapiga honi, mnasalimiana, basi. Je, hiyo ni "bila magari"? Kwa mgeni wa Ulaya anayetaka mtoto wake wa miaka 8 aendeshe peke yake, hapana. Kwa mtu mzima mwenye kioo na akili timamu, inatosha sana.

Mpita Handaki

Na hata Ulaya wanakubali hivyo. Viwango vya EuroVelo, ule mtandao wa njia ndefu za baiskeli, vinaihesabu barabara yenye magari chini ya 500 kwa siku kuwa na msongamano mdogo sana, na njia inaweza kupita humo. Alpe Adria mbele ya Moggio Udinese inarudi kwenye barabara za kawaida kwa vipande. "Bila magari kabisa" ni tangazo la biashara zaidi kuliko hali halisi.

Kalvati 600

Wakuu, mmeongea sana juu ya nani apite. Mimi naongea juu ya maji, kwa sababu Machi hadi Mei masika hayasomi mabango, na Oktoba vuli inarudia.

Kwanza vizuizi. Usukani wa baiskeli ya safari ni sentimita 60 hadi 75, mifuko ya nyuma kama 50. Pikipiki ya cc 125 usukani wake ni 75 hadi 80. Kwa hiyo mwanya wowote unaoipitisha baiskeli yenye mzigo unaipitisha na bodaboda, akikunja kidogo tu. Ukiweka gogo la kuruka, kimo cha sentimita 40, unamlazimisha mwenye baiskeli kunyanyua kilo 35, na mama mwenye kuni kichwani ndiye anayeumia zaidi. Kizuizi cha chuma hapa kinazuia gari tu. Bodaboda anazuiwa na makubaliano au hazuiwi.

Pili, sababu ya kweli ya kuiondoa pikipiki kwenye udongo ule haitokani na kelele. Pikipiki ikipanda, gurudumu la nyuma huchimba. Inabaki mstari mmoja, kina cha kiganja. Mvua ya kwanza maji yanauona mstari huo kama mfereji, yanaufuata mita 200 bila kutoka pembeni, na mwisho wa msimu una korongo la kufika gotini. Hapo baiskeli haipiti, pikipiki haipiti, na mbeba mkaa akiwa na haraka anapita pembeni anakanyaga miche. Ukitaka kuwashawishi wenyeji, waoneshe hilo korongo, usiwaoneshe picha za Italia.

Tatu, ukarabati. Njia ya upana wa mita 2, moramu ya unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ni mita za ujazo 300 kwa kilomita. Ikiwa haijashindiliwa ni kama 390, yaani tripu 56 za tipa la mita za ujazo 7. Tripu 56 za tipa kwenye msitu uliofungiwa vyombo vya moto! Ndiyo maana usimwage moramu njia nzima. Tia sehemu zenye tope tu na miinuko inayoteleza, na pesa nyingi weka kwenye kutoa maji.

Kutoa maji kwenyewe: wengi wanalaza magogo au mawe kukinga maji kwa mshazari. Kwa miguu ni sawa. Kwa baiskeli inayoshuka ni mtego, gurudumu la mbele likigonga gogo bichi lenye unyevu unakwenda chini kabla hujashika breki. Chonga mabonde mapana badala yake: urefu wa mita 8 hadi 10, kina cha sentimita 15 hadi 20, sakafu ikiinama upande wa bondeni kwa asilimia 3 hadi 5. Baiskeli inapita kama wimbi, maji yanatoka. Umbali kati ya bonde na bonde unategemea mwinuko: asilimia 5, kila mita 40, asilimia 10, kila mita 25, asilimia 15, kila mita 18. Na penye kijito weka kalvati la milimita 600, usikubali la 300. Dogo huziba kwa majani na matawi ndani ya msimu mmoja, maji yanapanda juu yake na kuondoka na tuta lote. Jina langu hapo juu si la mapambo.

Bi Kabichi

Kalvati 600, leo kwa mara ya kwanza mtu amenipa sababu ya kufunga njia inayonihusu mimi. Lakini hayo mabonde atayachonga nani, na nani atayazibua? Maana korongo unalosema lipo hata pasipo na pikipiki, penye maji tu.

Kalvati 600

Jembe, sururu, koleo na watu 6. Kwa udongo mwekundu wa kule bonde moja ni kazi ya nusu siku. Kilomita ya asilimia 10 ina mabonde 40, kwa hiyo siku 20 za kundi moja. Kuzibua ni mara mbili: Februari mwishoni na Septemba mwishoni, kabla ya mvua. Ukizibua baada ya mvua unafanya maziko.

Karani wa Shamba

Upande wa sheria kwa kifupi. Msitu wa hifadhi unaongozwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Kuingia kwa utalii kunahitaji kibali, na mwenye baiskeli hajasamehewa. Wapo wanaodhani bodaboda ni mvamizi na wao wenye mifuko ya keria ni wenyeji. Msipokuwa na kibali wote ni wavamizi sawasawa. Sheria hiyohiyo ina mlango wa usimamizi shirikishi: kijiji kinachopakana na msitu kinaweza kuingia makubaliano ya kuusimamia pamoja na serikali. Masharti ya njia, saa za kupita, nani anazibua kalvati, analipwa kutoka wapi, yanaweza kuandikwa humo. Nje ya hifadhi, halmashauri ya kijiji hutunga sheria ndogo, na zile ndizo zinazoheshimika kuliko bango la mbali. Barabara za wilaya ziko kwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, usizifunge kwa mkutano wa waendesha baiskeli.

Neno la mwisho kwangu: tenganisheni Magamba ya msitu wa asili na shamba la miti la Shume. Shume ni mashamba ya kuvuna, malori ya magogo yanafanya kazi, na lori lenye tani kadhaa likishuka kona haliwezi kukusubiri. Kwenye ramani barabara za pande zote mbili zinafanana. Mtu akiunganisha "njia ya msituni" kwa kuangalia picha ya setilaiti tu, anamwingiza mgeni mbele ya lori.

Fundi Spoki

Nyongeza ya kushuka, kwa kuwa tunazungumzia kuuza mteremko. Kilo 105 zikishuka asilimia 10 kwa kilomita 20 kwa saa, breki zinapaswa kumeza wati 400 na zaidi, karibu nusu ya pasi ya umeme, muda wote. Breki za rimu ukizishika mfululizo dakika kadhaa, rimu inapata moto, upepo unapanuka, na kiraka cha zamani kinaachia. Shika kwa nguvu sekunde chache, achia, shika tena, mbele na nyuma kwa zamu, na simama dakika 5 kila unaposhuka mita 200 za kimo. Mipira ya breki beba seti ya akiba: kwenye tope jekundu lenye mchanga inaweza kwisha siku mbili.

Tairi upana wa milimita 47 hadi 50, upepo psi 35 hadi 45, si 65 kama ya lami. Madigadi yaache nafasi ya vidole viwili juu ya tairi au yang'oe kabisa masika, maana ule udongo unajaa hapo na gurudumu linagoma kuzunguka. Usikwangue kwa bisibisi, utatoboa tairi, tumia kijiti. Solusheni ya kubandikia viraka nunua mpya kila safari, ikishafunguliwa hukauka ndani ya tyubu yake.

Na wanaotaka njia iwe tupu kabisa wakumbuke hili: ukivunjika mfupa kilomita 7 ndani ya msitu uliofungiwa kila chombo, bondeni simu haina mtandao, utaitamani bodaboda.

Jicho la Mlima

Nakubali kupunguza hoja yangu, siifuti. Nilisema "vyombo vyote, muda wote". Nabadili: vipande vile tu ambavyo havina nyumba wala shamba ng'ambo, mwinuko chini ya asilimia 6 kwa sehemu kubwa, na ambavyo mzunguko wake kwa barabara iliyopo hauongezi zaidi ya kilomita 3. Dharura ipite. Sehemu nyingine zote tuandike wazi kwamba ni barabara ya pamoja, kama ya Kivu.

Mpita Handaki

Basi hesabuni kabla ya kuchora. Mtu mmoja kila mwisho wa kipande, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku 7 mfululizo. Andikeni safu nne: miguu, baiskeli, pikipiki, gari, na kwa kila pikipiki andikeni inabeba nini: mtu, mazao, mkaa, au tupu. Kipande kikionesha pikipiki nyingi zenye mazao, kiacheni. Kikionesha mkaa, hiyo ni habari ya TFS, si ya baiskeli. Mwinuko pimeni kwa programu ya simu yenye kipima-pembe juu ya ubao wa mita 2 uliolazwa chini, kila mita 50. Msiamini namba za setilaiti chini ya miti mirefu, zinakosea kimo.

Bi Kabichi

Na siku ya gulio iwe ndani ya hizo siku 7. Mkihesabu Jumapili mkaondoka, mtaandika kwamba hatupo.

Kalvati 600

Mhesabu mara mbili, dada. Mara moja kiangazi, mara moja wakati karoti zinatoka. Kiangazi peke yake kitatudanganya wote.